Sukari Si Yangu, Ni ya Kidonge

Jumatatu, 3 Machi

Ushindi mkubwa, ukaharibiwa kwa maneno.

Nimetoka kliniki. Lehemu, yale mafuta ya kwenye damu yaliyowatia watu kiwewe mwishoni mwa mwaka, yameporomoka kutoka 4.9 hadi 2.6. Karibu nusu! Nikamwambia Sista, muuguzi wa pale, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kwamba mimi nikiamua nimeamua. Akasema kilichoamua ni kidonge. Nikamwuliza nani amekuwa akikimeza. Akarekebisha miwani yake. Moja bila.

Kisha akageuza karatasi. Sukari, 6.6, na nilikuwa sijala kitu tangu jana. Kabla ya kuanza dawa ilikuwa 5.9. Mke wangu, ambaye hakuitwa ndani ila aliingia, akashika kifua kama katajiwa msiba. Sista akasema hicho bado si kisukari, ila nimesimama mlangoni pake na mkono uko kwenye kitasa. Akauliza chai yangu ina vijiko vingapi. Viwili, nikasema. Mke wangu akakohoa. Vinne, nikasema, lakini vidogo. Akakohoa tena. Huyu mwanamke mapafu yake yanahitaji kuangaliwa.

Halafu Sista akatoa neno la dhahabu. Alilitoa kama mtu anayepita tu njia. Eti dawa hizi za kushusha lehemu zinaweza kupandisha sukari kidogo kwa baadhi ya watu, hasa waliokuwa tayari karibu na mstari. Akaendelea: faida yake kwa moyo ni kubwa kuliko hicho kidogo, nisithubutu kuiacha, nipunguze vitamu, nitembee. Hayo ya mwisho sikuyashika vizuri. Nilikuwa bado nasherehekea ya mwanzo.

Kwa hiyo sukari si yangu. Ni ya kidonge!

Furaha ilidumu hadi getini. Pale mke wangu akatoa hukumu bila hata kupunguza mwendo. Mwisho wa mwezi napimwa tena. Isiposhuka chini ya 6.1, ufunguo wa karakana anapewa mdogo wake, mimi nakaa nyumbani napumzika. Akasema amechoka kuniona nanyanyua mizani za magunia peke yangu kwa nguvu za soda.

Mdogo wake! Yule tunayemwita Dijitali! Kijana wa cheti ukutani, anayeuza mizani za betri na kuwaambia wateja wangu kwamba mizani ya mawe imekufa ila haijazikwa. Karakana ile niliianza na bisibisi moja na tupa iliyolika, chini ya ngazi za jengo la watu. Hakuna aliyenipa hata msumari. Leo nikabidhi ufunguo kwa sababu ya nukta?


Jumanne, 4 Machi

Nimepata hesabu.

Mimi ni fundi mizani. Jambo la kwanza unalofundishwa (mimi nilijifundisha) ni hili: mteja akileta unga ndani ya sinia, sinia unalipima peke yake, kisha unalitoa. Hulipishi mtu uzito wa sinia. Ni wizi.

Sasa mwili wangu ndio unga. Kidonge ndicho sinia. Sista kasoma 6.6 pamoja na sinia! Nikitoa sinia, yaani 0.7, nabaki na 5.9 yangu ileile. Sijapanda hata chembe. Miaka yote ya shule aliyosoma Dijitali, hajawahi kupata hesabu safi namna hii.

Nikamweleza mke wangu akiwa anapepeta mchele. Akauliza nimejuaje kwamba 0.7 yote ni ya kidonge, na kwamba hakuna hata kapunje ka soda mle ndani. Nikasema soda nimekunywa maisha yangu yote, kidonge ndicho mgeni. Kikikosekana kitu ndani ya nyumba, anaulizwa mgeni. Akaendelea kupepeta. Upepo wote ukawa unakuja upande wangu.


Ijumaa, 7 Machi

Siku ya Mama Keki.

Huyu ana duka la kuoka jirani na karakana. Kila Ijumaa namrekebishia mizani yake ndogo, ile ya kupimia hamira, na yeye ananilipa kipande cha keki yenye krimu juu. Mapatano ya zamani, ya watu wazima. Mke wangu anajua mizani. Keki hatujawahi kuizungumzia.

Leo nilisita, nakiri. Kipande kimenitazama, nami nikakitazama. Kisha hesabu ikanijia yenyewe: kama kinachopanda kinaandikwa kwa kidonge, basi keki hii nayo inaandikwa kwa kidonge. Mimi ni mpitishaji tu.

Nimekula viwili. Mama Keki akasema fundi leo una hamu. Nikamwambia ni dawa.


Jumamosi, 8 Machi

Dijitali amekuja na zawadi. Mashine ya kupimia sukari nyumbani, ndogo kama kiberiti, ina taa. Akaiweka mezani akisema, shemeji, sasa hakuna kubishana, namba zitasema zenyewe.

Namba zikisema zenyewe, sisi mafundi tutakula wapi?

Mashine yoyote mpya lazima uijaribu kwa uzito unaoujua. Nikapima gramu tano za sukari, kwa mawe yangu ya shaba, nikakoroga ndani ya maji, nikadondoshea kile kikaratasi chake. Mashine ikaandika kosa. Nikarudia. Kosa. Nikawauliza wote wawili: kitu kisichotambua sukari tupu ndani ya maji matupu, kitaitambuaje ndani yangu mimi niliyejaa vitu vingine?

Dijitali akasema imetengenezewa damu, shemeji, si juisi. Mke wangu akacheka hadi akaketi.

Basi wakanitoboa kidole asubuhi ileile, kabla sijala. 6.7. Kelele. Nikadai na wao wapimwe, haki ni haki. Dijitali 5.0. Mke wangu 4.8. Nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikawatangazia matokeo: familia ina 5.5. Kwa wastani nyumba hii haina tatizo lolote.

Hawakupiga makofi. Ila hesabu hawakuipinga pia!


Jumatatu, 10 Machi

Sinia limenitesa akili siku hizi mbili. Namna pekee ya kuthibitisha uzito wa sinia ni kuliondoa juu ya mizani.

Yaani kutomeza.

Najua alivyosema Sista. Lakini Sista hajanyang'anywa karakana. Nikiacha siku chache tu, sukari ikaanguka, nimeshinda kesi. Kisha nitarudi kumeza kama bwana.

Ugumu ni mke wangu. Jioni anasimama mbele yangu na bilauri ya maji, mkono kiunoni, kama askari wa gereza. Nimeze, nifungue mdomo, ninyanyue ulimi. Lakini hajui kwamba nyuma ya gego la juu kulia nina pengo, kumbukumbu ya mfupa wa mbuzi. Kidonge kinakaa pale kama gari kwenye gereji.

Nimekipitisha. Nikaenda kwenye sanduku langu la mawe ya mizani, la mbao, kila jiwe la shaba na shimo lake, na bitana ya bluu. Hakuna mtu anayegusa sanduku hilo. Nikakichomeka chini ya jiwe la gramu tano, kimelowa kidogo. Mahali salama kuliko benki.


Alhamisi, 13 Machi

Siku tatu bila sinia, vidonge vingine viwili vikiishia chooni. Dijitali kapita asubuhi na kiberiti chake. Nimenyoosha kidole kwa tabasamu, wakashangaa.

6.9.

Imepanda! Nimetoka nje kufikiri. Kuku wa jirani wakanipisha.

Imenichukua muda, lakini nimeipata. Sinia lenye mafuta huwezi kulitoa lote mara moja. Ukishaondoa sinia, mafuta yake yanabaki juu ya mizani. Kidonge kimetoka, lakini kimeacha masalia, na masalia ni mabaya kuliko chenyewe. Ile soda ya jana na ya juzi, ya kunitia moyo wakati wa jaribio, haina nafasi katika hesabu hii. Nimeipangia nafasi na imekosa.

Nimejihisi kama mvumbuzi. Kesho Ijumaa.


Ijumaa, 14 Machi

Siku ya aibu. Naiandika kwa sababu shajara haina mdomo.

Mke wangu kanipa Dijitali niongozane naye kwa Mama Keki, eti ajifunze wateja. Ajifunze wateja! Kwani nimekufa? Nikafungua sanduku mbele yao kwa madaha. Nikaweka jiwe la gramu tano kwenye mizani ya hamira. Mshale ukapita mstari. Nikarekebisha skrubu kidogo, kama kawaida, nikasema mizani ilikuwa imelala, sasa imeamka.

Dijitali akaomba ruhusa. Kwa adabu sana, ndiyo maana nilipaswa kujihadhari. Akatoa mizani yake ya betri mfukoni, akaweka jiwe langu juu.

5.2.

Nikamwambia betri yake imechoka. Akaweka jiwe jingine langu, la gramu kumi. 10.0. La ishirini. 20.0. Akarudisha la tano. 5.2. Watu wawili waliokuja kununua mkate wakasogea.

Tangu nianze kazi hii jiwe langu halijawahi kusema uongo. Wafanyabiashara wakigombana, huwa wanasema twende kwa fundi, tukapime kwa mawe yake. Hiyo ndiyo heshima yangu, sina nyingine. Nikamwambia kijana achunge ulimi.

Akaligeuza jiwe.

Chini yake kidonge kimeganda, kimevimba, na nyuzi za bluu za bitana ya sanduku. Mama Keki akainama, akakitazama, akasema mbona hiki kama kile cha mafuta cha baba yake. Wateja wa mkate wakaniangalia. Nikasema ni kilainishi cha mizani.

Afadhali Dijitali angecheka. Aliniita shemeji kwa sauti ya chini, akakikwangua kile kidonge kwa kucha, akakifunga kwenye karatasi ya keki. Ushahidi.

Mizani ya hamira nimeirudisha palepale. Keki sikupewa. Sikuuliza.


Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu hajapiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nina majibu manne. Hayakutumika.

Alifungua kabati akatoa kofia ya marehemu kaka yangu mkubwa, ile ya kazi, yenye doa la grisi. Kaka aliangukia juu ya mizani ya magunia, spana mkononi, akiwa na umri nilio nao sasa. Yeye pia alikuwa anasema madaktari wanapenda maneno. Siku hiyo mimi nilikuwa kwa mteja. Aliyeshika kichwa chake pale sakafuni ni mke wangu. Leo akaniambia, akiwa anakunja ile kofia, kwamba kichwa kimoja kinamtosha.

Akatoa kidonge. Nimemeza. Pengo tupu, mdomo wazi, ulimi juu. Hapa hakuna mbinu.


Jumapili, 16 Machi

Nimeamka vizuri. Nimefikiri upya.

Sasa namwomba msomaji, kama yupo, aone jambo hili: tangu jana nameza kwa uaminifu. Kwa hiyo kuanzia jana chochote kitakachopanda ni cha kidonge, mia kwa mia, na shahidi ni mke wangu mwenyewe. Wamenifungia mlango wakiwa wameniachia dirisha!


Ijumaa, 21 Machi

Sijui niite siku hii ushindi au nini. Naiita ushindi.

Mke wangu alinipiga marufuku kukanyaga kwa Mama Keki hadi aibu ya jiwe ipoe. Lakini fundi aliyepotosha mizani ana wajibu wa kurudi kuhakikisha. Ni suala la jina. Nikaenda mchana. Mizani ilikuwa sawasawa. Mama Keki, kwa kunionea huruma, akanikatia kipande cha pembeni, kile chenye krimu pande tatu. Sikuomba uma. Nililamba vidole, haraka haraka, maana niliona pikipiki ya Dijitali ikikata kona.

Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Nimeketi tu, namwona huyo na kiberiti chake. Leo tupime mchana, shemeji, tuone. Nikanyoosha kidole. Kwa nini nikatae? Mtu anayekataa ana la kuficha.

14.8.

Dijitali akaitikisa mashine. Mke wangu akasoma, akasoma tena, kisha akawa anatafuta mtandio ambao ulikuwa kichwani mwake. Nilimwona kaka. Niliona na spana.

Tukapanda pikipiki moja watatu, Dijitali mbele, mke wangu nyuma, mimi katikati kama gunia la mkaa. Njia nzima ananishika shati asinidondoshe, anasema usilale, Baba Watoto, usilale. Nani atalala pale?

Sista akatusikiliza, akavua miwani, akaivaa. Akaniuliza kama nilinawa mikono kabla ya kutobolewa. Swali gani hilo kwa mtu anayekufa! Akanipeleka kwenye bomba mwenyewe, sabuni, kila kidole kama mtoto, akanikausha, akanitoboa kwa mashine yake.

7.9. Na nilikuwa nimetoka kula muda si mrefu. Akasema hiyo si ya kukimbiza mtu kwa pikipiki. Kidole kikiwa na kitu kitamu juu yake, akasema, mashine inapima kile kitamu pamoja na damu.

Nikaruka! Nilisema! Nilisema tangu siku ya kwanza kwamba kile kiberiti ni uongo mtupu! Nikamgeukia Dijitali, nikamnyooshea kidole hichohicho kilichooshwa, nikapaza sauti kliniki nzima isikie: mashine yako imepima krimu, kijana, haikunipima mimi, imepima krimu ya keki!

Ushindi mtamu sana. Ulidumu pumzi mbili.

Kisha mke wangu, polepole, akauliza keki gani.

Sista akaanza kutazama dirishani. Hakuna kitu dirishani pale, ni ukuta.


Jumamosi, 22 Machi

Hukumu imesomwa mezani, bila wakili.

Moja: pikipiki yangu anakaa nayo Dijitali. Wateja nitawafuata kwa miguu, na sanduku langu la mawe nibebe mwenyewe. Mbili: sukari imehamia mahali ninapopajua lakini sifiki, kwa dada yake mke wangu. Tatu, na hili ndilo limeniuma: mke wangu kaenda kwa Mama Keki asubuhi, wakaongea vizuri, wakacheka hata. Kuanzia sasa malipo yangu ya Ijumaa ni mayai.

Mayai! Fundi mzima nitembee njiani na mayai!

Nimekunywa chai bila kitu. Ina ladha ya sufuria.


Jumatano, 26 Machi

Natembea. Kwa mwenye duka la misumari, kwa wauza nafaka, hadi mashine ya kusaga iliyo mlimani, na sanduku begani. Mwenye duka la misumari akaniuliza pikipiki iko wapi. Nikamwambia nakagua barabara.

Habari nyingine: mkanda umelegea. Nimetoboa tundu jipya na msumari. Bidhaa za siku hizi, ngozi inavutika hovyo. Na nilipanda ule mlima wa mashine ya kusaga leo bila kusimama, maana yake wameuchonga. Nilimwambia mwenye mashine wamefanya vizuri kuuchonga. Akanitazama sana.


Jumapili, 30 Machi

Kesho.

Nimepita karakana kuchukua bisibisi, nikamkuta Dijitali ndani, kaazima ufunguo kwa dada yake. Anapima ukuta wangu kwa futi! Anaandika namba kwenye kiganja! Bado sijazikwa, mtu anapima pa kuweka mizani zake za betri. Nikamwuliza anapima nini. Akashtuka, akasema ah, shemeji, vitu vidogo tu. Nikamwambia na mimi kesho naenda kupima kitu kidogo, atanikumbuka.

Nimejiandaa kitaalamu. Nimekata kucha zote, kidole kinachopimwa kisiwe na mzigo. Nimenawa mara kadhaa. Nimemwambia mke wangu kama kuna kupungua, kuanze kwenye kucha. Amenitengea maji ya kuoga tu. Ila mkono wake ulitua begani mwangu ukakaa kidogo.

Hajalala vizuri siku hizi. Nasikia.


Jumatatu, 31 Machi

5.8! Tano! Nukta! Nane!

Naandika kwa herufi kubwa moyoni. Lehemu nayo 2.5. Sista kasoma mara mbili, kisha akaniambia hongera, baba, hiyo ni miguu yako na hiyo keki uliyoacha, na kidonge kilichomezwa kama inavyopaswa. Akasema umeona sasa? Ulikuwa ukikimeza wakati wote na sukari imeshuka. Endelea hivyohivyo.

Nimeona, nikamwambia. Kidonge kimejisalimisha.

Nje, mke wangu akaufungua ule ufunguo wa karakana kwenye pindo la kanga yake. Ulikuwa umefungwa pale tangu asubuhi, sijui alikuwa amepanga kumpa nani. Akauweka kiganjani mwangu, akakifunga kiganja kwa mikono yake miwili. Akasema vumbi limemwingia machoni. Hakukuwa na vumbi. Nikasema na mimi limeniingia.

Nikaenda kuifungua karakana yangu kwa mkono wangu. Ukutani kuna benchi jipya la chuma, lenye winchi ya kunyanyulia mizani za magunia. Dijitali, aliyeingia nyuma yangu, amesimama pembeni kama mtu aliyekamatwa. Ndicho alichokuwa akipimia. Akasema amelitengeneza ili nisinyanyue tena kwa mgongo, shemeji, tunakuhitaji.

Nililitazama muda mrefu. Nikachukua pima-maji yangu. Limeinama milimita mbili upande wa kushoto. Nikamwambia limeinama milimita mbili upande wa kushoto. Akacheka, nikacheka. Kisha nikamshika mkono kwa nguvu zaidi kidogo kuliko kawaida, ajue.

Lakini kweli limeinama.


Jumanne, 1 Aprili

Sasa akili imetulia, nimeketi na hesabu.

5.8 ni pamoja na sinia. Sinia ni 0.7, hilo tulishalimaliza. Kwa hiyo mimi halisi ni 5.1, karibu sawa na Dijitali, na yeye ni kijana. Mstari ni 6.1. Kati yangu na mstari kuna nafasi ya 1.0. Nafasi hiyo nimeitafuta kwa jasho, imekaa bure, na mtu mwenye busara haachi nafasi ikae bure.

Keki je? Ninazo takwimu. Ijumaa ile nilikula vipande viwili, kesho yake nikawa nimepanda kutoka 6.6 hadi 6.7. Vipande viwili, 0.1. Kimoja 0.05. Nimegawanya mara tatu nisije nikajipendelea: nafasi yangu inabeba vipande ishirini.

Ishirini!

Kwa Mama Keki siwezi, ameshanunuliwa na upande wa pili. Lakini wakati natembea juzi niliona duka jingine la kuoka, mbali kidogo, kule juu ng'ambo ya mashine ya kusaga. Mizani yao imelala upande. Dhambi kuiacha hivyo. Nimekwenda leo kwa miguu, sanduku begani, nimewarekebishia. Wakaniuliza malipo. Nikawaambia tutaelewana.

Nimekula vinne tu, maana mimi ni mtu wa kiasi. Jioni nimenyanyua ulimi, nimemeza kidonge mbele ya shahidi. Cha leo chote ni chake. Mke wangu akanipapasa shavu akasema, mume wangu, naona umejifunza.

Nimejifunza sana. Mikono nilinawa kwa sabuni, hadi kwenye viwiko.